VAVILOV, MLINZI WA MBEGU ZA DUNIA

Mwishoni mwa mwaka wa 2022, nilipokuwa nikisomesha huko Rhamu, niligombana na bibi mmoja kwa ajili ya kibuyu cha mtama. Siyasemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa kuwa ugomvi huo ndio ulionirudisha katika maisha ya mtu mashuhuri ambaye leo nataka kuwasimulia wasomaji wa ukurasa huu, naye ni Mrusi aitwaye Nikolai Vavilov, aliyefariki zaidi ya miaka themanini iliyopita.

Wengi wetu watu wa pwani hatuijui Rhamu ila kwa jina. Ni mji mdogo wa Mandera, kaskazini mashariki ya Kenya, ulioko ukingoni mwa mto Daua. Upande huu wa mto ni Kenya, ng'ambo ni Ethiopia. Daua huanzia katika milima ya Uhabeshi, hushuka mpaka nchi kame, na ukishapita Mandera huungana na mito mingine ikawa mto Juba, ambao huingia baharini karibu na Kismayu. Kwa hivyo maji ya Daua huishia katika bahari hii hii yetu. Kandokando ya mto huo watu hulima vitunguu, ndizi, maembe, matikiti, mahindi, mtama, kunde na ufuta, na nyuma ya mashamba ni nyika ya migunga, ngamia na mbuzi.

Mwaka huo misimu mitano mfululizo ilikuwa imepita bila ya mvua ya maana. Mto ulikuwa umebaki mchanga na vidimbwi, mizoga ya ng'ombe imetapakaa njiani, na pampu za maji zimelala kimya. Jirani yangu, bibi mtu mzima wa kabila la Wagarre, alikuwa akilea wajukuu wanne kwa unga wa msaada aliokuwa akiupima kwa kikombe. Lakini juu ya meko yake, mahali panapofika moshi, alitundika kibuyu kilichozibwa kwa ngozi, na ndani yake mlikuwa na mtama uliochanganywa na jivu.

Siku moja niliwasikia watoto wakilia njaa, nikamwendea. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, basi nikamwomba mjukuu wake mkubwa, aliyekuwa mwanafunzi wangu, atutafsirie. Nilimshauri ausage ule mtama. Nilimwambia kwamba mtoto ni bora kuliko mbegu, na kwamba mvua zikinyesha atanunua mbegu nyingine dukani.

Bibi hakukasirika. Alimwambia kijana anieleweshe kwamba mtama ule alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na nyanya yake. Kwamba huiva upesi kabla mto haujanywea. Na kwamba mbegu ya dukani huenda ikawa nzuri, lakini haiujui mto Daua. Watoto watakula kidogo leo, alisema, lakini akiwapa mbegu watakula leo tu. Kisha akanikaribisha chai ya rangi. Nilirudi chumbani kwangu nusu nimetahayari, nusu nina hasira. Usiku ule ndipo nilipomkumbuka Vavilov, ambaye habari zake nilizisoma nilipokuwa chuoni, nikaona kwamba lau bibi yule na mwanachuoni yule wangalikutana, wangalifahamiana bila ya mkalimani.

Utoto na masomo

Nikolai Vavilov alizaliwa mjini Moscow mwezi wa Novemba 1887. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo aliyetoka katika jamaa ya wakulima maskini. Watoto wake wawili wa kiume hawakufuata biashara. Nikolai alichagua elimu ya kilimo, na mdogo wake, Sergei, akachagua fizikia, na wote wawili walikuja kuwa wanachuoni wakubwa.

Urusi ya siku hizo ilikuwa nchi yenye njaa za mara kwa mara. Njaa ya 1891 na 1892, Nikolai akiwa bado mtoto mdogo, iliua mamia ya maelfu ya watu. Ile ya 1921 na 1922, yeye akiwa tayari mtaalamu, iliua mamilioni. Kwa hivyo kilimo kwake hakikuwa elimu ya vitabuni tu. Alikulia katika nchi ambayo shamba likikosa, watu hufa.

Alimaliza chuo cha kilimo cha Moscow, na mwaka wa 1913 akaenda Uingereza kujifunza kwa William Bateson, mmoja wa mabingwa wa kwanza wa elimu ya urithi wa viumbe, yaani namna mzazi anavyompa mtoto sura na tabia zake, awe ni mtu, mnyama au mmea. Mwaka wa 1916 alisafiri Uajemi, akapanda mpaka milima ya Pamir. Mwaka wa 1917 alianza kufundisha katika mji wa Saratov, kando ya mto Volga. Na mwaka wa 1921 aliitwa Petrograd, mji ambao baadaye uliitwa Leningrad, akakabidhiwa ofisi ya serikali ya kuchunguza mimea ya kilimo. Chini ya mkono wake ofisi hiyo ilikua ikawa taasisi kubwa kabisa ya aina yake duniani.

Fikira ya Vavilov

Mtu wa pwani ataielewa fikira ya Vavilov upesi akikumbuka maembe. Ngowe, boribo, dodo, batawi na sikio la punda zote ni embe, lakini kila moja ina ladha yake, umbo lake na tabia yake. Basi ngano nayo ni hivyo hivyo, na mtama, na mpunga, na kunde. Zao moja lina aina mamia, pengine maelfu. Aina hii huvumilia kiu, ile huvumilia maji mengi, hii haishikwi na kutu, ile huiva siku arubaini kabla ya wenzake.

Vavilov aliona kwamba aina hizo hazikutawanyika sawasawa duniani. Ziko nchi chache, nyingi zao za milima, ambamo aina za zao fulani ni nyingi kupita kiasi. Yeye akasema kwamba huko ndiko zao hilo lilikoanzia kulimwa, na mwaka wa 1926 akatoa kitabu kuhusu jambo hilo. Miongoni mwa nchi alizozihesabu katika kazi zake ni China, India, Asia ya Kati, nchi za Mashariki ya Kati, Mexico, Peru, na jirani zetu Uhabeshi.

Faida yake ilikuwa wazi. Shamba lote likipandwa mbegu ya aina moja, maradhi yakilipata mche mmoja yatawapata wote, kwa kuwa wote ni ndugu wa udhaifu mmoja. Lakini shamba lenye aina nyingi, hata likipigwa, halikosi cha kubakia. Na mtaalamu anayetafuta kinga ya maradhi hana pa kuitafuta ila katika aina zile za zamani, au katika jamaa zake za mwituni. Zikipotea, hakuna kiwanda kinachoweza kuzirudisha. Basi Vavilov alikata shauri kuzikusanya kabla hazijapotea.

Alikwenda Afghanistan mwaka wa 1924. Mwaka wa 1926 alitembea Sham, Palestina na Maghribi. Mwaka wa 1929 alikwenda China na Japani, na mara mbili baada ya hapo akazuru Amerika. Popote alipofika alipenda kwenda sokoni kwanza, akanunua gao moja kwa huyu na gao moja kwa yule, kisha akatoka kuyaona mashamba zilikotoka. Alikuwa mtu wa kulala saa chache, mwenye kujifunza lugha za watu, na asiyeona haya kumuuliza mkulima asiyejua kusoma. Alijua kwamba yeye ni mkusanyaji tu. Wenye kuzifanya mbegu hizo ni wakulima, mama kwa mama na baba kwa baba, miaka maelfu.

Safari ya Uhabeshi

Mapema mwaka wa 1927 Vavilov aliingia Uhabeshi kwa njia ya Djibouti. Katika mji wa Addis Ababa alionana na Ras Tafari, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Haile Selassie, akapewa ruhusa ya kusafiri. Alifunga msafara wa nyumbu akaelekea kaskazini mpaka Asmara. Hakufika Rhamu wala bonde letu la Daua. Lakini mto wetu nao hutoka katika milima ya Uhabeshi.

Aliyoyaona huko yalimstaajabisha. Aliona ngano na shayiri za kila sura na kila rangi, na katika shamba moja la mkulima mmoja aina nyingi zimesimama pamoja. Aliona tefu, ambayo Wahabeshi huifanyia injera. Na aliihesabu Uhabeshi kuwa ni kitovu cha mazao mengi ambayo sisi huyaona ni ya kwetu tangu zamani, kama mtama, bamia, ufuta, mbarika na kahawa. Msomaji akikaa barazani jioni na kikombe chake cha kahawa chungu, na akumbuke kwamba buni ile ilitoka katika misitu ya Uhabeshi, ikavuka bahari mpaka Yemen, kisha ndipo ikatufikia sisi.

Wataalamu waliomfuata Vavilov wamemsahihisha katika baadhi ya mambo. Ngano na shayiri, kwa mfano, zilianza kulimwa Mashariki ya Kati, kisha zikaletwa Uhabeshi na kuzaana huko aina kwa aina. Lakini utajiri alioushuhudia ulikuwa wa kweli. Miaka mingi baadaye, shayiri ya California huko Marekani ilipokuwa ikidumazwa na maradhi ya virusi, kinga ilipatikana katika shayiri iliyotoka Uhabeshi. Mkulima wa mlimani, ambaye hata jina la California hajapata kulisikia, ndiye aliyeitunza dawa hiyo shambani mwake.

Fitina

Kufikia mwaka wa 1940 taasisi ya Vavilov huko Leningrad ilikuwa na sampuli za mbegu kiasi cha 250,000. Lakini wakati huo nyota yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kuzama. Urusi ilikuwa chini ya Stalin. Mashamba ya watu yalikuwa yamenyang'anywa na kufanywa ya pamoja, na njaa kubwa ya 1932 na 1933 ilikuwa imeua mamilioni. Serikali ilitaka mavuno ya haraka, na ilitaka pia mtu wa kulaumiwa.

Akatokea bwana mmoja aitwaye Trofim Lysenko, aliyeahidi kubadilisha tabia za mazao kwa muda mfupi, naye akaikataa elimu ya urithi kuwa ni uongo. Vavilov mwanzoni alimsifu na kumpa nafasi, na hilo ni kosa ambalo halifai kufichwa. Alipotambua kwamba mambo yale hayana msingi, alisimama akampinga hadharani, wakati ambapo kupinga kulikuwa hatari. Mwaka wa 1938 Lysenko ndiye aliyekuwa rais wa chuo kikuu cha utafiti wa kilimo, kiti ambacho zamani kilikuwa cha Vavilov.

Mwezi wa Agosti 1940, Vavilov akiwa katika safari ya kukusanya mimea magharibi ya Ukraine, walikuja watu kwa gari wakamchukua. Alishitakiwa kwa ujasusi na kuhujumu kilimo cha nchi yake. Mwezi wa Julai 1941 alihukumiwa kifo. Mwaka uliofuata hukumu hiyo iligeuzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Alifungwa katika jela ya Saratov, mji ule ule alioufundisha alipokuwa kijana, na humo alidhoofika kwa kukosa chakula mpaka akafariki tarehe 26 Januari 1943, umri wake miaka 55. Mtu aliyezunguka dunia ili watu wasife kwa njaa, alikufa kwa njaa, akazikwa katika kaburi la pamoja. Mwaka wa 1955 serikali ilikiri kwamba hakuwa na hatia. Mdogo wake, Sergei, alikuwa amefanywa rais wa Chuo cha Sayansi cha nchi nzima mwaka wa 1945, akiwahudumia watu wale wale waliomwangamiza kaka yake. Sijui moyo wa mtu hubeba vipi mzigo kama huo.

Waliokufa wakilinda mbegu

Vavilov alipokuwa gerezani, majeshi ya Wajerumani yaliuzingira mji wa Leningrad. Kuzingirwa huko kulianza Septemba 1941 kukaendelea mpaka Januari 1944. Watu mamia ya maelfu walikufa kwa njaa na baridi. Na katikati ya mji huo, katika jumba la taasisi, mlikuwa na mpunga, ngano, mahindi, kunde na karanga.

Wafanyakazi wa Vavilov hawakujua hata kama mkubwa wao yu hai. Walifunga milango, wakafanya zamu ya kulinda mchana na usiku, wakapigana na panya, wakachoma kila kilichoweza kuungua ili viazi vya mbegu visigande kwa baridi. Wala hawakula. Dmitri Ivanov, mtunzaji wa mpunga, alikufa kwa njaa naye amezungukwa na maelfu ya vifurushi vya mpunga. Alexander Shchukin, mtunzaji wa karanga, alikufa vivyo hivyo. Wenzao kadha walikufa mmoja baada ya mmoja. Vita vilipokwisha, sehemu kubwa ya hazina ile ilikuwa salama, na mbegu zilizotokana nayo zimeliwa na mamilioni ya watu mpaka leo.

Nilipofika hapo katika kumbukumbu zangu usiku ule wa Rhamu, niliona haya. Mambo niliyoyastaajabia kwa Warusi wenye shahada, niliyaita ukatili kwa bibi jirani yangu.

Sisi na mbegu zetu

Jambo hili si geni kwetu. Kila aliyepita chuoni anakumbuka kisa cha Nabii Yusuf, alayhi salaam, alivyowaelekeza watu wa Misri waiache nafaka katika masuke yake miaka saba ya neema, isipokuwa kidogo cha kula. Na hata katika miaka ya shida kibakishwe kidogo cha akiba.

Wala si geni kwa kilimo chetu. Mihogo ya pwani ilipokuwa ikiharibiwa na batobato na ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaoozesha mzizi, wataalamu wa Amani, katika milima ya Usambara, walianza miaka ya 1930 kuuzalisha muhogo pamoja na jamaa zake, ukiwamo ule mti wa mpira uliotoka Brazil. Mti usioliwa ndio uliotoa kinga kwa muhogo unaoliwa. Angalikuwako mtu wa kuung'oa kwa kuwa hauna faida, kinga hiyo isingepatikana.

Leo ziko ghala za mbegu nyingi duniani. Kenya inayo yake huko Muguga, na Ethiopia inayo ya kwake Addis Ababa. Huko Svalbard, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, ilifunguliwa ghala kubwa ndani ya mlima wenye ardhi iliyoganda mwaka wa 2008. Vita vya Syria vilipowafukuza wataalamu waliokuwa na hazina ya mbegu karibu na Halab, walikwenda Svalbard mwaka wa 2015 kuchukua akiba waliyoiweka, wakaipanda upya Lebanon na Morocco.

Lakini mbegu iliyo ghalani imelala. Haionji ukame mpya, haikutani na mdudu mpya. Iliyo shambani ndiyo inayoendelea kujifunza, mwaka kwa mwaka, mkononi mwa mkulima. Ndiyo maana ghala peke yake haitoshi. Linahitajika pia shamba la mchanganyiko kama yale ya Daua, mtama ukipishana na kunde na ufuta, mwembe pembeni, na mipakani migunga iachwe kwa ajili ya nyuki na ndege. Huko nako mambo yanabadilika. Mathenge, mti wa kigeni ulioletwa kuzuia jangwa, umevamia mashamba na kingo za mto, na vijana wengi hulima kitunguu peke yake kwa kuwa ndicho chenye fedha ya haraka. Siwalaumu, kwani ada ya shule hailipwi kwa mtama. Lakini kila mzee anapofariki na kibuyu chake kikaachwa kitobolewe na wadudu, kuna aina inayokufa naye.

Mvua zilirudi mwaka wa 2023. Bibi alifungua kibuyu akapanda nusu, nusu akairudisha juu ya moshi. Mwisho wa mwaka huo huo mto Daua ulifurika vibaya ukachukua mashamba, na shamba lake pia. Maji yalipopungua yakaacha tope jeusi, alipanda ile nusu iliyobaki. Nilikula ugali wa mtama huo kabla sijaondoka Rhamu, nami nikamwomba radhi kwa kinywa cha mjukuu wake. Alicheka, akanipa gao moja la mbegu.

Nilipanda mtama huo nyumbani kwetu pwani. Uliota vizuri, lakini masuke yakashika ukungu kwa unyevu wa bahari, nami sikuvuna kitu. Kumbe bibi alisema kweli. Mbegu ile ni ya Daua. Nikaanza kuwauliza wazee wa mtaani kwetu ziko wapi mbegu za huku, mpunga waliokuwa wakipanda mama zao, kunde zao, mtama wao wa kustahimili hewa ya chumvi. Wawili walikumbuka majina. Mmoja alikuwa bado na konzi moja, katika chupa, juu ya kabati. Nimemwomba asiipike.